Mama Daniel Anapanda Meli

Machame, 12 Agosti 2024

Binti yangu Isha,

Salamu kutoka nyumbani. Ni mimi Mwalimu Ebenezeri Munisi, niliyekufundisha jiografia pale Moshi wakati ukikaa karibu na dirisha na kutazama nje. Juzi nilipita dukani kwa mama yako, Bhavna, kununua kitambaa cha mapazia. Akaniambia kwamba siku hizi wewe ndiye msimamizi wa abiria kwenye Kipanga, ile meli ndogo ya watalii inayotoka Tanga kwenda Pemba na Mafia. Nikamwambia, "Kumbe dirishani alikuwa anatafuta bahari." Alicheka mpaka akakosea kupima kitambaa, ikabidi aanze upya.

Nina ombi. Mke wangu, Mama Daniel, alianzia kazi ya ualimu kisiwani Mafia. Nyakati zile serikali ilimpanga mwalimu popote ilipomhitaji, na msichana ambaye maji mapana aliyoyajua ni ya mfereji wa shambani akajikuta kisiwani, akakaa miaka minne. Wanafunzi wake wa kwanza sasa ni wazee. Wamemwandikia kwamba mwishoni mwa Oktoba watakutana wote waliobaki, na wanamtaka yeye awepo. Ndege haitaki. Anasema alikwenda kwa maji na atarudi kwa maji. Tangu barua yao ifike hana habari nyingine. Hata kanisani ameshaaga.

Naomba kabini ya watu wawili. Nikueleze pia kwamba ana mguu unaomsumbua kidogo, kwa hiyo hutembea polepole. Si jambo kubwa. Nalitaja kwa sababu mtu anayeomba huduma anapaswa kusema hali yake mapema.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Tanga. Simu naijua, lakini maneno ya simu hayana pa kukaa.

Mwalimu wako,
Ebenezeri Munisi


Tanga, 19 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu,

Barua imefika, imekunjwa vizuri kama madaftari uliyokuwa unatudai. Nimefurahi, halafu nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu siku hizi ni kwa kazi.

Kipanga ina kabini kumi tu. Haina lifti. Kila mlango wa kutokea nje una kizingiti cha chuma kinachofika katikati ya muundi, cha kuzuia maji, na hakiondolewi. Kabini za chini, katikati ya meli, haziyumbi sana, ila ngazi zake zimesimama kama za darini. Ya juu iliyo karibu na chumba cha chakula haina ngazi, lakini huko meli inakutikisa zaidi. Mafia hatufungi gatini. Tunatia nanga mbali, abiria wanashuka kwa boti ya mpira hadi ufukweni.

Kwa hiyo naomba unijibu. Mguu upi? Anaweza kuvuka kizingiti bila kushikwa? Akiwa amekaa, anaweza kujisogeza kwa mikono? Si udadisi, Mwalimu. Mwaka jana abiria mmoja alituambia magoti yake "yana uvivu kidogo". Alivunjika nyonga mlangoni mwa bafu, tukiwa mbali na hospitali yoyote. Tangu siku hiyo Nahodha Faizan hakubali neno "kidogo".

Msalimie sana Mama.

Isha


Machame, 26 Agosti 2024

Binti yangu Isha,

Marahaba. Maswali yako ni mazuri, na naomba uniruhusu nikueleze jambo moja la msingi.

Sisi tumezaliwa kwenye mteremko. Mtoto wa huku hujifunza kutembea huku dunia imeinama. Mgonjwa tunambeba kwa machela kutoka migombani hadi barabarani, hata wakati wa mvua, na hatumwangushi. Mwanetu Daniel ni mwongozaji wa watalii mlimani. Wanayo machela yenye gurudumu moja chini, ambayo huwateremsha wanaozidiwa huko juu, kwenye mawe na makorongo. Nimeshazungumza naye. Ataiazima, atakuja Tanga na wenzake watatu, watamfunga Mama Daniel mikanda na kumpandisha melini salama kama yai. Mafia watamshusha vivyo hivyo.

Kuhusu bahari, utakumbuka somo la mwezi na maji kujaa na kupwa. Mkifika maji yakiwa yamejaa, boti itasogea karibu na nchi kavu. Mweleze nahodha.

Basi umeona kwamba kila kitu kimefikiriwa. Naomba uthibitishe kabini.

Ebenezeri Munisi


Tanga, 4 Septemba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Somo la maji kujaa na kupwa nalikumbuka. Siku hizi naishi ndani yake.

Niliuliza maswali matatu, hukujibu hata moja. Jana nilimpigia mama yangu nikamuuliza, "Mama Daniel ana tatizo gani la mguu?" Akaniuliza, "Mguu gani? Ule uliokatwa?"

Mwalimu, uliandika "unaomsumbua kidogo". Mama yangu anasema ni kisukari, mguu wa kulia, chini ya goti, mwaka juzi. Anasema ana mguu bandia, na safari ndefu anakwenda kwa kiti cha magurudumu. Nilikaa na barua zako mbili nisijue nimwambie nini nahodha.

Nilimwambia kweli. Akauliza nani aliandika "kidogo". Nikasema mwalimu wangu. Akasema, "Basi mwalimu wako atatuulia mtu." Nisamehe, ndivyo alivyosema. Machela yenu inafaa kwenye mlima kwa sababu mlima hausogei. Boti inapanda na kushuka. Mtu aliyefungwa mikanda kwenye machela, boti ikipinduka, anazama na machela yake.

Kwa sasa jibu ni hapana.

Isha


Machame, 10 Septemba 2024

Isha,

Ndani ya bahasha hii utakuta jani. Umezaliwa Moshi, huhitaji kuelezwa.

Ebenezeri Munisi


Tanga, 16 Septemba 2024

Mwalimu,

Nahodha Faizan ameliona jani mezani kwangu, akaniuliza ni mboga gani na kama inapikwa na nazi.

Nikamwambia ni isale. Nikamweleza kwamba kwetu Kilimanjaro mtu akikutumia isale anakuomba msamaha, na ukilikataa umekata undugu mbele ya watu na mbele ya waliokufa. Hata sisi tunaouza vitambaa mjini tunalijua. Babu yangu Amirali aligombana na jirani yake kwa sababu ya ukuta, hawakusalimiana muda mrefu, mpaka jirani akaja na jani hili mkononi. Babu alilipokea huku analia.

Kwa hiyo ulijua unachofanya. Ulijua nitashindwa kusema hapana. Lakini bahari haijui isale, Mwalimu. Mama akiteleza kati ya boti na meli, nitasimama mbele ya Daniel na kumwambia nini? Kwamba nilitumiwa jani?

Sikulitupa. Nimelihifadhi. Ila sijui nimelipokea kwa kosa gani.

Isha


Machame, 21 Septemba 2024

Mwanangu Isha,

Anayekuandikia ni Eliaichi, mama yake Daniel, mwenye mguu. Barua yako ya mwisho nilipewa mimi kwa sababu Baba Daniel alikuwa shambani. Nikaifungua. Nikamwomba na zile nyingine. Alinipa, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe ambao walikuwa wameshiba.

Sikujua kwamba aliandika "kidogo". Sikujua habari ya machela. Tulizungumza hivi:

"Baba Daniel, isale ni ya mtu aliyekosa. Wewe ulimkosea nini Isha?"

"Sikumkosea. Nilikuwa namwomba."

"Ulimdanganya."

"Nilipunguza maneno."

"Ulinipunguza mimi."

Ni mtu mzuri, usimchukie. Lakini tangu nikatwe mguu amekuwa akinisemea. Daktari akiniuliza "unaumwa wapi," yeye anaeleza. Mchungaji akija, yeye anaeleza. Nikiinuka kitini, mkono wake uko kwapani kwangu kabla sijaomba. Kila mtu ananiambia nina bahati.

Sasa nijibu maswali yako. Mguu ni wa kulia. Kizingiti cha kimo hicho navuka nikiwa na chuma cha kushikia upande wa kushoto. Bila chuma sivuki. Nikikaa kitako, mikono yangu inanibeba. Ngazi za nyumbani kwangu napanda kinyumenyume, nimekaa, ngazi moja moja. Si jambo la kupendeza machoni, ila nafika. Joto likizidi, kigutu kinavimba na mguu bandia haufai tena siku hiyo. Usiku naenda msalani mara mbili, na usiku sivai mguu. Usingizini wakati mwingine nasahau kwamba haupo.

Hayo ndiyo yote. Kama jibu ni hapana, naomba niambiwe mimi. Machela sipandi. Nilibebwa siku ya kwenda kukatwa, nikatazama migomba ikipita juu yangu kichwa chini miguu juu, nikajisemea: hii ni mara ya mwisho nikiwa hai.

Eliaichi


Tanga, 30 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Nimemsomea nahodha barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie ile sehemu ya usiku. Kisha akasema, "Huyu tunaweza kusafiri naye."

Tumefikiria hivi. Utalala kabini ya juu. Itayumba zaidi, lakini chakula, bafu na kitanda vitakuwa kwenye sakafu moja. Fundi ameanza kufunga vyuma vya kushikia upande wa kushoto wa kila kizingiti utakachopita, na kimoja kutoka kitandani hadi msalani. Bafuni tutafunga kiti cha plastiki sakafuni kisiteleze. Kitanda kitakuwa na ubao pembeni, ili meli ikilala upande usishuke bila mguu ukiwa usingizini.

Boti ndiyo ngumu. Nyuma ya meli kuna jukwaa dogo karibu na maji. Unakaa ukingoni, boti inaletwa, inapanda na kushuka. Ikifika sawa na wewe, unajisogeza. Ikishuka, unaiacha iende. Baharia wetu Primus atakuwa mbele yako, atakupa mkono, hatakuvuta. Anayeamua wimbi ni wewe. Ukisema "sasa" ndipo sote tunakwenda.

Masharti ya nahodha ni haya: mfike Tanga mapema, tujaribu hapa bandarini kabla ya safari. Ukiweza, unakwenda. Usipoweza, unarudi nyumbani na nauli yako yote.

Jizoeze kitu kinachosogea, Mama. Sijui huko mlimani utapata wapi.

Isha


Machame, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Isha,

Nimepata. Daniel amekata migomba miwili iliyokwisha kuzaa, akalaza magogo yake uani, akaweka ubao juu. Magogo ya mgomba yanabingirika na yanateleza, hayana adabu kabisa. Mimi nakaa kwenye benchi, Daniel anausukuma ubao huku na huku, nami nautafuta. Wiki ya kwanza nilianguka kila siku. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akamuuliza Daniel, "Mama yako ameanza kunywa mbege?" Nikamjibu mwenyewe, "Njoo ukae hapa wewe uliye mzima." Akakaa. Akaanguka. Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa sianguki. Nimejifunza kwamba kosa ni kuukimbilia ubao unapoondoka. Ukisubiri, unarudi.

Baba Daniel hatazami. Wakati wa mazoezi anakwenda zizini. Jana nilimwona amesimama nyuma ya jiko, mikono ameifumbata kama mtu anayesikia baridi.

Mama yako Bhavna anakuja nasi Tanga kukuona. Amenunua kofia ambayo itapeperuka.

Eliaichi


Tanga, nyumba ya wageni, 24 Oktoba 2024

Isha,

Nakuandikia kwa sababu kule gatini hukunipa nafasi ya kueleza.

Niliambiwa nikae ndani ya boti, nisiguse kitu. Nilikubali. Lakini tafadhali fikiri kama mtu aliyesoma. Mama Daniel yuko ukingoni mwa jukwaa. Boti inashuka. Mwili wake umeinamia mbele, na uzito wa mwili unapopita nje ya mahali ulipokalia, mtu huanguka. Hiyo si hofu, ni kanuni. Nikainuka, nikamshika kwapani. Mtu yeyote angefanya hivyo. Kwamba boti iliinama, kwamba mguu wake bandia ulinasa kwenye kamba, kwamba yule kijana Primus alitumbukia majini, nasikitika. Ila nilimshika, na hakuanguka.

Nahodha ameniita faragha akataka niahidi kwamba huko Mafia, lolote nitakaloliona, sitamgusa mpaka aniite. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba ahadi si maneno ya kupitisha wakati. Nimemwambia ukweli: siwezi. Mkono unakwenda wenyewe. Naomba unieleze ameamua nini.

Ebenezeri Munisi


Kipanga, gati la Tanga, 24 Oktoba 2024, jioni

Mwalimu, shikamoo.

Namtuma Primus akuletee barua hii. Yuko salama, ila amemeza bahari kiasi.

Ulipoondoka, nahodha alimuuliza Mama swali moja: "Ulikuwa unaanguka?" Mama akasema, "Nilikuwa nasubiri." Akaomba arudie jaribio. Tukalirudia. Boti ilikuja, akaiacha. Ikaja tena, akaiacha. Mama yangu gatini alikuwa anasali kwa sauti, mpaka nikamwomba anyamaze. Mara ya tatu Mama akasema "sasa", akavuka. Mkono wa Primus aliugusa tu.

Nahodha ameamua hivi. Mama anakwenda. Wewe huendi. Amesema anakuheshimu kwa kutoahidi uongo, lakini hawezi kumweka ndani ya boti mtu ambaye mkono wake unakwenda wenyewe. Mama yangu atalala naye kabini moja. Tunaondoka asubuhi.

Sijawahi kuandika barua ngumu kama hii. Mama anaijua. Amesema uamuzi wa kwenda bila wewe ataufanya yeye.

Isha


Tanga, 24 Oktoba 2024

Mama Daniel,

Rudi twende nyumbani. Hatujawahi kutengana na maji katikati tangu tufunge ndoa. Meli ikizama, mimi nitamwambia nini Daniel? Ukiteleza usiku, Bhavna atafanya nini, akupimie kitambaa? Sikukatazi. Nakueleza tu hatari zilizopo, kwa utaratibu, ili uamue vizuri.

Nitakaa macho nisubiri jibu.

Ebenezeri


Kipanga, 24 Oktoba 2024

Baba Daniel,

Hatari nimeelezwa. Nakwenda.

Shati lako la bluu liko kwenye begi dogo, chini ya dawa zako. Dawa ya asubuhi meza kabla ya kula. Panda basi la mapema, ng'ombe wasikae na Daniel peke yake.

Eliaichi


Kipanga, imetia nanga Mafia, 28 Oktoba 2024

Baba Daniel,

Barua hii Isha atampa mtu anayerudi Dar kesho kwa ndege, kwa hiyo huenda ikafika Moshi kabla yangu.

Nikuambie kwanza yale ambayo ungeniuliza. Nalala vizuri. Meli inayumba, Bhavna ametapika tangu Pemba, na kofia imekwenda. Usiku wa pili niliamka nikasahau mguu, nikataka kushuka; ubao wa kitandani ukanizuia, nikakaa gizani nikishikilia chuma. Sikumwita mtu. Nilikaa mpaka nikakumbuka nilipo.

Leo asubuhi upepo ulibadilika. Nilidhani nahodha atakataza kushuka, na labda nilitamani akataze. Alikuja mwenyewe, akachutama mbele ya kiti changu tukawa macho kwa macho. Akasema, "Mwalimu, wenye miguu miwili nitawashusha. Wewe, sitakukataza wala sitakushawishi. Ya bandarini yalikuwa maji ya birikani. Haya ni haya." Nikatazama. Boti ilikuwa inapanda mpaka kifuani pa Primus aliyesimama jukwaani, kisha inatoweka.

Baba Daniel, niliogopa. Nakuandikia hilo kwa sababu hukuwepo kuliona usoni kwangu na kulieleza kwa wengine. Nilikaa ukingoni, maji yakanilowesha mpaka kiunoni. Boti ikaja nikaiacha. Ikaja, nikaiacha tena. Abiria wote walikuwa wameshashuka, wananisubiri ndani ya boti ile ile. Kuna mara moja ilikuja vizuri kabisa nami sikusema kitu, mdomo ulikataa. Isha akaniuliza taratibu, "Turudi, Mama?" Nikasema bado. Ilipokuja tena, nikasema "sasa", na sikumbuki nilivukaje. Nakumbuka niko ndani nimekalia miguu ya mzungu mmoja, naye ananiomba radhi.

Ufukweni wanafunzi wangu walikuwa wamesimama majini, yanawafika magotini, wamevaa nguo za sikukuu. Wazee, Baba Daniel! Wenye mvi, wenye fimbo. Wakaja mbio kunibeba. Nikanyoosha mkono hivi, kama darasani, wakasimama pale pale. Maji yalikuwa hayajajaa vya kutosha, na kiti changu cha magurudumu mabaharia walikuwa wameshakiweka juu kwenye mchanga mkavu. Nikashuka nikakaa mchangani, nikaanza kujisogeza kinyumenyume kama ninavyopanda ngazi za nyumbani, mawimbi yakinipiga mapajani, gauni langu la kanisani limejaa mchanga. Ilichukua muda. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia, isipokuwa Bhavna.

Katikati nilichoka. Shomari, yule aliyekuwa anakimbia hesabu, ambaye sasa ana wajukuu, alikuwa anatembea kando yangu mikono mgongoni. Akasema, "Mwalimu, tukusaidie?"

Nikamwambia, "Nikikuita, njoo."

Nikajisogeza tena kidogo. Mikono ikaanza kukataa kunibeba, kiti bado kiko mbali. Nikapumzika. Nikatazama meli kule nilikotoka. Nikaona inatosha, huko kote nilikuja mwenyewe. Nikasema, "Shomari, njoo."

Akaja. Wakaja wote. Wakaninyanyua, na sikuona migomba wala mbingu ikipita. Nilikuwa nimekaa wima, nawaambia wapi pa kushika.

Tunarudi Tanga Ijumaa, na Jumamosi nitapanda basi na Bhavna. Njoo unipokee stendi ya Moshi. Utaniona mlangoni mwa basi, na ngazi zake unazijua zilivyo. Simama chini pale, karibu, lakini usinishike.

Nitakuita.

Eliaichi